Kila Neno na Mwenyewe

Mjomba wangu, mdogo wake mama, ni fundi makochi, na mpaka anavuka miaka arobaini alikuwa hajawahi kusema jambo bila kumtaja mwenye jambo. Ukimuuliza saa, atakwambia ni saa nne kwa saa ya muuza viatu. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, atakwambia fundi baiskeli anasema itanyesha, ila mke wake amekataa. Mtaani wakamwita Kwa Mujibu. Hakukasirika. Alichofanya ni kuulizia nani ameanzisha hilo jina, akaambiwa ni kinyozi wa kona, na tangu siku hiyo akikutana na mteja mpya anasema, "Naitwa Kwa Mujibu, jina nimepewa na kinyozi wa pale kona."

Watu wana maelezo yao kuhusu ugonjwa huu. Wapo wanaosema shuleni alichapwa kwa kunakili jibu la mwenzake, na jibu lenyewe halikuwa sahihi, akawa ameumia mara mbili. Mama anayakataa maelezo hayo. Yeye ndiye dada mkubwa, alimbeba mgongoni, na anasema mtoto alizaliwa hivyo hivyo: neno lake la kwanza lilikuwa "maji," na alipolitamka alimnyooshea mama kidole, kuonyesha alikolitoa. Mimi sikuwepo, kwa hiyo naandika kama nilivyoambiwa. Unaona, inaambukiza.

Karakana yake ni chumba kimoja kinachotazama barabara, kinanuka gundi na sponji kuukuu. Ndani kuna makochi yaliyofunuliwa matumbo, springi nje, yakisubiri zamu. Mteja analeta kochi lililobonyea katikati. Fundi mwingine angemwambia, "Niachie, kesho kutwa njoo uchukue." Mjomba anamkalisha mteja kwenye kigoda na kumpa maelezo kamili. Springi atazifunga kwa kamba, mtindo wa marehemu fundi aliyemfundisha kazi. Kona za kitambaa atazikunja kama alivyoonyeshwa na mshona mahema. Magunia ya kutandika chini ya sponji si wazo lake, ni la mama mmoja aliyeleta kiti alichojitengenezea nyumbani, na mjomba alipokifungua akaona kimemshinda akili. Mteja anasikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Sasa wewe unafanya nini?"

Wengine walibeba makochi yao wakaenda chumba cha pili. Huko kulikuwa na fundi aliyeandika mlangoni kwa rangi nyekundu BINGWA WA MAKOCHI, cheo alichojipa mwenyewe siku aliyonunua brashi. Bingwa hakuwa fundi mbaya. Alikuwa na macho mazuri na shingo ndefu, na karibu yote aliyoyajua aliyapata kwa kupita mbele ya mlango wa mjomba polepole. Ukuta baina yao ulikuwa wa mbao, kwa hiyo tulimsikia vizuri akiwaambia wateja, "Hii kona nimeibuni mimi. Huipati popote." Mjomba alikuwa akisikia, na nyundo yake haikukosa hata pigo moja.

"Mjomba," nilimwambia siku moja, "huyu mtu anakuibia mchana kweupe."

"Ananiibia nini? Kona ni ya mshona mahema."

"Basi anamwibia mshona mahema."

Hapo nilikuwa nimekosea kusema. Aliiweka nyundo chini, akavaa shati, akaenda mpaka kwa mshona mahema kumpa taarifa rasmi kwamba kona yake inatumika chumba cha pili bila jina lake. Mshona mahema alicheka mpaka akakaa chini. Alisema hata yeye hakumbuki aliitoa wapi ile kona, pengine aliiona mahali, pengine ilijikunja yenyewe. Mjomba alirudi amenywea. Kwa siku kadhaa kila akikunja kona alikuwa anasita, kama mtu aliyepewa mtoto amshike na mama mtu haonekani.

Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, kwani maarifa si kama gunia la mkaa, ukichukua hakipungui kitu kwa mwenyewe. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ukipewa chai kwa mtu si unasema asante?" akasema. "Na mimi nasema asante. Basi."

Mimi ninafanya kazi ofisini, na huko mambo yanakwenda kinyume. Mkuu wetu akisema kikaoni, "Nimewaza jambo," sote tunatazama meza, kila mmoja akijaribu kukumbuka ni lini alimwambia hilo jambo. Kwa hiyo mjomba alikuwa ananifurahisha na kunikera kwa pamoja. Nilitamani watu wa ofisini wawe kidogo kama yeye, na yeye awe kidogo kama watu wa ofisini, angalau siku za wateja.

Haya yote tungeyavumilia kama tunavyovumilia mtu anayekoroma, lau si Bi Mita.

Bi Mita alikuwa na duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na karakana. Jina lilitokana na ile mita ya mbao ambayo haikumtoka mkononi. Alipimia vitambaa, akafukuzia paka, akaelekezea njia waliopotea. Alikuwa mjane, mnyoofu wa mgongo na wa maneno, na punguzo kwake ulikuwa ukiliomba kwa hasara yako. Mjomba alinunua vitambaa vyake kwake, jambo la kawaida. Lisilo la kawaida ni kwamba alivinunua hata siku ambazo hakuna mteja aliyeleta kochi. Kulikuwa na kitambaa kimoja cha kijani kibichi ambacho hakuna mtu mwenye akili zake angekiweka sebuleni. Mjomba alinunua kipande leo, kipande keshokutwa, mpaka rafu nzima ya karakana ikawa kijani.

"Kitambaa hiki cha nini?" mama akamuuliza.

"Muuza viatu anasema rangi hii itakuja kupendwa."

Mama akanitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyesema neno, maana lingekuwa neno letu na angelibeba kulipeleka ng'ambo.

Halafu siku moja Bi Mita akavuka barabara mwenyewe. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kochi lililoshonwa nusu. Alisimama mlangoni na mita yake, hakutaka kuketi.

"Fundi, mimi mwisho wa mwezi nahama. Kaka yangu ana duka kubwa huko anakoishi, ananitaka nikamsaidie."

"Nimesikia. Kinyozi aliniambia."

"Najua umesikia. Nimekuja kukuuliza wewe unasemaje."

Mjomba alijifuta mikono kwa kitambaa. Akakunja kile kitambaa. Akakikunjua. "Dada yangu anasema ukiondoka mtaa utapooza."

"Sijamuuliza dada yako."

"Fundi baiskeli naye anasema..."

"Nisikilize," Bi Mita akasema, na mita ikagonga sakafu. "Mimi kwa kaka yangu siendi kwa kupenda. Nikiambiwa nibaki, nitabaki. Lakini niambiwe na wewe. Sitaki ya dada yako, sitaki ya kinyozi, na huyo marehemu fundi wako tumwache apumzike. Siwezi kubaki mahali kwa uamuzi wa kamati."

Akavuka barabara kurudi dukani kwake. Mjomba alibaki amesimama na uso wake umekuwa mweupe kama sponji mpya. Nilijua anampenda, mtaa mzima ulijua, paka aliyefukuzwa kwa mita alijua. Nikaona kwa mara ya kwanza kwamba anaogopa, na nikamwonea huruma hata nikakosa utani.

Nilimwambia mama, na mama akaja na mkoba wake kana kwamba anakuja kumhudumia mgonjwa. Tukamkalisha.

"Mwambie tu unampenda," nikasema. "Neno 'nakupenda' halina mwenyewe, kila mtu analisema."

Akafikiri kwa bidii. "Hilo lina wenyewe wengi mno," akasema. "Nitaanzia wapi kuwataja?"

Mama akaona mabishano hayataisha, akaamua kumpa sentensi iliyokwisha shonwa kabisa. "Utamwambia hivi: bila wewe, nyumba yangu ni karakana tu. Halafu unyamaze. Usinitaje jina. Niapie."

Akaapa. Akavaa shati la kazi safi, akavuka. Barabara yetu ni nyembamba, mtu akipiga chafya dukani kwa Bi Mita unamtakia afya ukiwa karakana. Tulisimama mlangoni tukisikiliza.

"Bi Mita," tukamsikia, "bila wewe, nyumba yangu ni karakana tu."

Bi Mita aliiweka mita juu ya meza. Nilikuwa sijawahi kuiona mezani. Mjomba angenyamaza hapo, hadithi hii ingekuwa imekwisha na watu tungekuwa tumeshapongezana.

"Kama asemavyo dada yangu," akamalizia.

Mita ikarudi mkononi.

"Basi dada yako aje anioe," alisema Bi Mita.

Mama alimpokea mlangoni kwa hasira. "Si niliapisha mtu hapa?"

"Uliniapisha nisikutaje jina," mjomba akasema. "Jina sikulitaja."

Baada ya hapo hakuvuka tena barabara. Alifunga mlango wa karakana nusu, akawa anafanya kazi upande wa giza. Tulisikia msumeno, tulisikia randa, tulisikia msasa. Mteja akija anaambiwa arudi wiki ijayo, hakuna maelezo ya marehemu wala ya mshona mahema. Mama alisema ameingiwa na huzuni na tumwache. Mimi nilidhani anatengeneza jeneza lake.

Ulipobaki usiku mmoja kabla ya Bi Mita kuhama, nilipita nikitoka kazini nikakuta kitu kimeanikwa kibarazani, vanishi yake ikikauka. Kilikuwa kiti, lakini si cha kawaida. Kilikuwa kirefu, cha mtu kuketi akiwa kama amesimama, na kikalio chake kimevishwa kile kitambaa cha kijani. Chini yake kulikuwa na kipande cha mbao cha kukanyagia, upande wa kushoto tu. Na kikalio chenyewe kilikuwa kimeinama kuelekea kushoto, kidogo, lakini ukitazama unaona.

"Mjomba, kimepinda."

"Najua," akasema.

Nikasubiri aniambie anajua kutoka kwa nani. Hakusema. Nikadhani amechoka.

Mwingine aliyekiona kile kiti alikuwa Bingwa. Vanishi ilihitaji usiku mzima kukauka, na Bingwa alipita pale kibarazani mara nyingi kuliko safari za mtu mwenye shughuli. Asubuhi, wakati mkokoteni wa kubebea mali ya Bi Mita umeshafika na mwenye mkokoteni anaanza kupakia, tukamwona Bingwa anavuka barabara na kiti kirefu kichwani. Chake kilikuwa na kitambaa chekundu. Alikuwa amekinyoosha pale palipopinda, kwa kuwa alidhani ni makosa ya fundi, na kile kipande cha mbao cha upande mmoja hakukiweka, kwa kuwa hakuona kazi yake. Kilikuwa kiti kizuri, lazima niseme.

"Bi Mita, zawadi ya kuagana," tulimsikia akisema kwa sauti ya watu wote. "Nimekuwazia mimi mwenyewe, usiku kucha. Kiti cha kuketi ukipima vitambaa. Huwezi kukiona popote."

"Ahsante sana, fundi," Bi Mita akasema. Alikijaribu, akainuka, akaweka mkoba wake juu yake, akaendelea kuhesabu majora ya vitambaa.

Mimi niliwaka. Nilisahau kwamba nilikuwa nimeomba ruhusa kazini ya saa moja tu. "Mjomba, vuka sasa hivi! Mwambie ni wazo lako!"

"Siwezi kusema hivyo," akasema. "Si langu."

"Ni la nani basi?"

Akatazama kile kiti cha kijani, akatazama ng'ambo. "Ameshapata kiti," akasema. "Atafanya nini na viwili?"

Ningeweza kumpiga kwa sponji. Mjomba mzima, mtu anayemtaja hadi aliyemwambia saa, sasa amechukuliwa kiti chake mbele ya macho yake na hana hata sauti. Nilitaka kulia, na si kwa ajili ya kiti. Majora yalikuwa yanatoka dukani moja moja, na kila lililotoka lilikuwa linapunguza muda wake.

Mama ndiye aliyepata dawa. Alivua viatu vyake vya kutembelea, akavaa ndala za mjomba, akakishika kile kiti miguu miwili.

"Sawa," akasema. "Mimi nakivusha. Na nikifika nitasema nimekitengeneza mimi."

Mjomba aliinuka kana kwamba kigoda kimemchoma. "Huwezi kusema hivyo!"

"Nitasema. Nitasema nimekiota ndotoni."

Mjomba akamnyang'anya kiti, akavuka barabara nacho. Tukamfuata, mama bado na zile ndala, tukijifanya tunakwenda kuaga.

Dukani rafu zilikuwa nusu tupu, vumbi limeacha alama mahali majora yalipokuwa. Mjomba alikitua kiti chake kando ya kile chekundu. Vilikuwa vinafanana kama mtu na picha yake ya kitambulisho.

"Kingine tena?" Bi Mita akasema. Akainamisha kichwa. "Mbona hiki kimekwenda upande?"

"Kaa kwanza," mjomba akasema.

Bi Mita alitutazama sisi, mama na mimi, tukatazama dari. Akaketi. Mguu wake wa kushoto ulipanda juu ya kile kipande cha mbao bila yeye kuutazama, kama mtu anavyopata swichi ya chumbani kwake gizani. Mabega yakashuka. Uso wake ulilegea, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba ule ukali wote niliouzoea, ule wa kuogopwa na paka na wateja, sehemu yake kubwa yalikuwa ni maumivu.

"Bingwa amesema kile cha kwake amekiwaza yeye," akasema. "Hiki ni wazo la nani?"

"Lako," mjomba akasema.

"Langu?"

"Asubuhi unasimama sawasawa. Ikifika mchana uzito wote unauhamishia kulia. Jioni mguu wa kushoto unaupandisha juu ya lile jora la kijivu, lile unalolilaza chini nyuma ya meza na huliuzi. Mteja akiingia unaushusha haraka." Alikuwa anaongea akitazama sakafu. "Mimi nimefuata unene wa jora tu. Na unavyoinama. Kazi yote ni yako."

Mwenye mkokoteni aliingia, akaona nyuso zetu, akasimama.

"Huu mguu," Bi Mita akasema taratibu, "uliumia zamani, na sijamwambia mtu yeyote. Kaka yangu hajui. Marehemu mume wangu hakuwahi kujua. Wewe nani alikwambia?"

Mjomba akafungua mdomo. Mama alifumba macho. Nilimwona anatafuta, ninaapa nilimwona, akipita mtaani nyumba kwa nyumba ndani ya kichwa chake: muuza viatu, fundi baiskeli na mkewe, kinyozi, mshona mahema, mama, mimi. Kote huko hakukuta mtu.

"Hakuna aliyeniambia," akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi. "Nilikuona mwenyewe."

Bi Mita alikuwa anasubiri, na sisi tukawa tunasubiri naye.

"Usiende," mjomba akasema.

Tukasubiri jina. Halikuja.

Bi Mita alimgeukia mwenye mkokoteni, akamwambia arudishe majora yote ndani.

"Lakini nimeshafunga kamba!" yule mtu akalalamika.

"Fungua," akasema Bi Mita, na hakuinuka kwenye kiti.